Ghuba Haibadilishwi Maji: Naitrojeni ya Mto Mirongo na Njia za Kuipunguza

Katika Ghuba ya Mwanza anaishi furu mdogo ambaye dume lake lina mgongo mwekundu, ubavu wa njano na mistari myeusi iliyosimama wima. Mwaka 1985 wanasayansi walimpa jina la Mwalimu Nyerere, na leo anajulikana kama Pundamilia nyererei. Samaki huyu anafugwa pia kwenye matangi ya kioo huko Ulaya na Marekani, na wafugaji wake hupima maji mara kwa mara kwa sababu wanaogopa kupanda kwa naitreti. Ikipanda hawangoji: wanachota sehemu ya maji, wanayamwaga na kujaza mengine. Ndugu zake waliobaki ghubani hawana wa kuwabadilishia maji. Kila mvua kubwa inaponyesha, Mto Mirongo unawashushia uchafu wa vilima vya jiji, na uchafu huo haurudi ulikotoka.

Kupunguza naitreti ndani ya tangi la maji ya chumvi lenye matumbawe na kupunguza naitrojeni inayoingia ziwani kutoka Mwanza ni jambo moja kwa upande wa kemia. Linapofika kwenye fedha, ardhi na sheria, mambo hayo mawili yanaachana. Naanza na tangi, kwa kuwa humo kila kinachotokea kinaonekana, na kwa kuwa wafugaji wa matumbawe ndio wakali kuliko wote: wengi wao hawataki naitreti ivuke miligramu 10 kwa lita, na wapo wanaong'ang'ania 5.

Samaki anakula chakula chenye protini. Sehemu ya naitrojeni iliyomo inajenga mwili wake, iliyobaki inatoka, hasa kupitia mashavu yake, ikiwa amonia. Amonia ni sumu kali. Bakteria wanaohitaji oksijeni wanaigeuza kuwa naitraiti, wengine wanaigeuza naitraiti kuwa naitreti, na hapo mnyororo unasimama. Naitreti haiui haraka, ndiyo maana inalimbikizana bila mtu kushtuka, hadi mwani unapofunika mawe na matumbawe yanapoanza kupauka.

Milango ya kuitoa ni mitatu tu. Unaweza kutoa maji yenyewe. Unaweza kuotesha mmea au mwani uinyonye, kisha ukauvuna na kuutupa nje. Au unawaachia bakteria wa aina nyingine, wale wanaoishi mahali pasipo na oksijeni, ndani kabisa ya mawe yenye vitundu au chini ya mchanga mnene, waivunje naitreti kuwa gesi ya naitrojeni ipae hewani. Nje ya hiyo mitatu kuna mlango wa kuingilia: kupunguza chakula, kupunguza idadi ya samaki, na kukamua uchafu kwa mashine ya povu kabla haujaoza.

Hesabu ndogo inaonyesha ni mlango upi wenye uzito. Chukua tangi lenye naitreti miligramu 50 kwa lita. Mwenyewe anabadilisha asilimia 20 ya maji kila wiki. Wiki ya kwanza inashuka hadi 40, ya pili 32, na baada ya wiki tano imefika 16 na ushee. Yote hayo ni kama hakuna kinachoongezeka. Sasa tuseme ulishaji wake unaongeza miligramu 10 kila wiki. Anabadilisha maji, inashuka hadi 40. Wiki inapoisha imerudi 50. Anabadilisha tena, inarudi tena. Mtu huyu atachota maji mwaka mzima na kipimo chake hakitasogea hata kidogo. Dawa yake iko kwenye kopo la chakula.

Tuhamie ziwani. Ziwa Victoria lina eneo la karibu kilomita za mraba 68,800, lakini kina chake cha wastani ni mita 40 tu. Maji yake mengi, kiasi cha asilimia 80, yanatoka kwenye mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na mengi yanaondoka kwa kufukizwa na jua. Mlango wa kutokea ni mmoja, Jinja, ambako Mto Nile unaanzia, na kwa mwaka unatoa asilimia moja na ushee ya ujazo wote wa ziwa. Maji yanayofukizwa yanaacha chumvi na virutubisho nyuma, jambo ambalo kila mfugaji wa samaki wa maji chumvi analijua: kufidia maji yaliyokauka si kubadilisha maji. Kwa lugha ya tangi, ziwa letu linafidiwa maji kila msimu na halibadilishwi. Ghuba ya Mwanza nayo, yenye urefu wa karibu kilomita 60, nyembamba, yenye kina kifupi na mdomo mmoja upande wa kaskazini, inachelewa hata kuchanganyika na ziwa kuu.

Matokeo yameandikwa. Mwaka 1927 mtafiti E. B. Worthington alizamisha ziwani kile kisahani cheupe cha kupimia weupe wa maji, na katikati ya ziwa alikiona hadi kina cha mita 7 hadi 8. Kufikia miaka ya 1990 kisahani kilikuwa kinapotea machoni kati ya mita 1.3 na 3. Tabaka za tope zilizochimbuliwa kutoka sakafuni na kuchambuliwa na Dirk Verschuren na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, zinaonyesha kuwa mwani ulianza kuongezeka tangu miaka ya 1930, sambamba na ongezeko la watu na kilimo katika bonde, na kwamba upungufu wa oksijeni kwenye kina ulianza mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa hiyo si kweli kwamba sangara ndiye aliyeharibu kila kitu. Alipoongezeka ghafla miaka ya 1980 alikuta maji yamekwisha kuanza kuugua.

Hasara moja ni ya kwetu kabisa. Ole Seehausen, Jacques van Alphen na Frans Witte walichapisha mwaka 1997 katika jarida la Science utafiti walioufanya kwenye maji ya Mwanza: majike wa furu huchagua dume kwa rangi, na maji yakiwa na ukungu wa mwani na tope, rangi hazionekani, aina zilizokuwa zikitengana zinaanza kuzaliana ovyo. Utafiti mwingine wa Seehausen na wenzake, uliotoka kwenye jarida la Nature mwaka 2008, ulilinganisha visiwa. Makobe, kwenye maji ya wazi zaidi, kisahani kilionekana hadi mita mbili na robo hivi, na pale nyererei mwekundu na ndugu yake wa rangi ya buluu ni aina mbili zinazojitenga. Luanso, ndani kusini mwa ghuba, kisahani kilipotea kwenye nusu mita, na samaki wake wamechanganyika wakawa kundi moja lisilo na rangi ya kueleweka. Maji yakichafuka, aina ya kiumbe inafutika bila hata mmoja kuvuliwa.

Mirongo inaingiaje hapo? Mto ni mfupi. Unashuka kutoka vilima vya mashariki ya jiji, unapita Mabatini, unakatiza katikati ya mji na kuipa kata jina lake, kisha unaingia ziwani. Kiangazi ni mkondo mwembamba, mweusi, unaonuka. Masika unajaa kwa saa chache, na mafuriko ya Mabatini wakazi wanayajua kwa hasara zake. Wilaya mbili zinazounda jiji kwa maana ya watu wa kawaida, Nyamagana na Ilemela, zilihesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni 1.1 katika sensa ya 2022, na sehemu kubwa yao wamejenga kwenye miteremko yenye majabali.

Majabali ndiyo kiini cha habari hii. Shimo la choo juu ya mlima wa mawe haliendi chini. Unachimba kidogo, unakutana na mwamba. Shimo fupi linajaa mapema, na likijaa, gari la majitaka haliwezi kupanda kwenye kichochoro cha ngazi za mawe ambacho hata pikipiki inashindwa. Ndipo watu wanapotapisha vyoo. Mvua kubwa inapoanza, hasa usiku, mwenye nyumba anatoboa ukuta wa karo upande wa chini, au anachomoa kizibo cha bomba alilolifukia tangu siku ya ujenzi, na vilivyomo vinaondoka na mkondo. Asubuhi mtaro umeoshwa na mvua. Jirani wa chini anajua, mwenyekiti wa mtaa anajua, na hakuna anayesema kwa kuwa wiki ijayo ni zamu ya mwingine.

Sioni uovu wa pekee kwa mtu huyo. Ameachiwa tatizo lisilo na njia halali ya kulitatua kwa gharama anayoimudu. Lakini lazima tujue anachomwaga. Kwa makadirio ya wataalamu wa usafi wa mazingira kwa lishe ya Uganda, ambayo haiko mbali sana na yetu, mtu mmoja kwa mwaka hutoa naitrojeni kilo 2.5 na fosforasi kilo 0.4, sehemu kubwa ya naitrojeni hiyo ikiwa kwenye mkojo. Zidisha kwa watu milioni 1.1: tani 2,750 za naitrojeni na tani 440 za fosforasi kila mwaka. Si zote zinafika ziwani. Nyingine inabaki kwenye udongo, nyingine inapaa, nyingine inaishia kwenye mabwawa ya majitaka ya Ilemela. Hata hivyo ndiyo akiba inayosubiri mvua.

Hapa nataka kukaa kidogo kwenye kipimo, kwa sababu ndipo mijadala mingi inapopotea. Kipimo cha naitreti wanachotumia wafugaji wa samaki ni rahisi: unatia maji kidogo kwenye kichupa, unaongeza unga wenye madini ya zinki na kemikali ya rangi, unatikisa, unasubiri dakika chache. Zinki inageuza naitreti kuwa naitraiti, naitraiti inashikana na kemikali, na maji yanakuwa ya waridi. Kadiri rangi inavyokolea ndivyo naitreti ilivyo nyingi. Chota sasa maji ya ghuba siku ambayo yamegeuka kijani mithili ya supu ya mchicha, yapime. Yanaweza kubaki bila rangi kabisa. Mtu asiyejua atatangaza kuwa ziwa ni safi. Ukweli ni kwamba naitreti haipo majini kwa sababu imekwisha kuliwa. Sasa imo ndani ya mwani. Panda juu, chota maji ya Mirongo kiangazi, chini ya daraja. Huko nako naitreti inaweza kuonekana ndogo, kwa sababu nyingine: majitaka mabichi yana naitrojeni iliyo katika hali ya amonia, na mto uliokosa oksijeni hauwapi bakteria nafasi ya kuigeuza.

Kipimo kinadanganya mlimani na kinadanganya ziwani. Kinachotakiwa kupimwa ni naitrojeni yote na fosforasi yote, pamoja na wingi wa maji yanayopita, ili tujue mzigo kwa kilo. Na mzigo upimwe siku ya mvua kubwa, si Jumatano tulivu ambayo mpimaji ana nafasi, maana saa sita za mafuriko zinaweza kubeba kuliko wiki kadhaa za kiangazi.

Jambo la pili ni fosforasi. Sayanobakteria, hivi viumbe tunavyoviita mwani wa kijani, vina uwezo ambao mimea ya kawaida haina: baadhi yake huchukua gesi ya naitrojeni hewani na kujitengenezea mbolea. Rose Mugidde wa Uganda na wenzake walionyesha mwaka 2003 kuwa naitrojeni inayoingizwa Ziwa Victoria kwa njia hiyo inazidi ile inayoletwa na mito. Maana yake ni nzito. Ukiondoa naitreti peke yake na kuacha fosforasi, unawapunguzia chakula washindani wa sayanobakteria na kuviachia uwanja viumbe hivyo. Wafugaji wa matumbawe wamelipata funzo hilo kwa njia ngumu: waliposhusha naitreti hadi sifuri huku fosfeti ikibaki juu, utando mwekundu wa sayanobakteria ulifunika mchanga. Na viumbe hivi si vya kuchezea. Mwaka 2005 Sekadende, Lyimo na Kurmayer walichapisha utafiti kuhusu sumu ya maikrosistini inayotengenezwa na sayanobakteria wa Ghuba ya Mwanza. Sumu hiyo hudhuru ini, na kuchemsha maji hakuiondoi.

Kuchemsha hakuondoi naitreti pia. Maji yanapopungua sufuriani, inakolea. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za naitreti kwa lita ya maji ya kunywa, kwa ajili ya watoto wachanga wanaotengenezewa maziwa ya unga, ambao damu yao inaweza kushindwa kubeba oksijeni. Hatari hiyo kwa wakazi wa Mwanza haiko kwenye maji ya bomba, iko kwenye visima vifupi vilivyochimbwa hatua chache kutoka kwenye vyoo. Dodoma ina ushahidi wa aina hiyo: Hudson Nkotagu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliandika mwaka 1996 juu ya naitreti nyingi kwenye maji ya ardhini ya huko, na majitaka ya mji yalikuwa miongoni mwa vyanzo. Mama mwenye mtoto wa chini ya miezi sita asitumie maji ya kisima cha namna hiyo kumtengenezea maziwa, hata yakiwa meupe kiasi gani.

Turudi kwenye njia zinazopendekezwa, tukizipima kwa milango ile ile ya tangi.

Ya kwanza kutajwa kila mara ni kuvuna magugu maji. Gugu maji liliingia ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, likafikia kilele katika miaka ya 1990, likapungua kwa msaada wa mbawakavu walioachiliwa kulila tangu katikati ya muongo huo, kisha likarudi kwa awamu. Mwanzoni mwa mwaka 2025 gugu jingine, la jamii ya salvinia, lilitanda eneo la Kigongo–Busisi hadi vivuko vikapata taabu, miezi michache kabla ya Daraja la J. P. Magufuli kufunguliwa. Kuliondoa ni lazima kwa ajili ya wavuvi na vyombo. Lakini je, kunapunguza virutubisho? Gugu maji bichi ni maji kwa kiasi cha asilimia 95. Tani moja ikikaushwa inabaki kilo 50, na humo naitrojeni haizidi kilo moja hadi moja na nusu. Kutoa tani moja ya naitrojeni inabidi uvune, kwa uchache, karibu tani 670 za gugu bichi, uzipakie na kuzipeleka mbali na maji. Gugu linalorundikwa ufukweni likaoza hapo hapo halijaondoa chochote. Mbawakavu nao wanaliua, linazama, na mbolea yake inabaki ziwani.

Njia ya pili ni mafunjo na matete. Watu wengi wanaoyapenda mazingira wanapendekeza kuotesha mafunjo mdomoni mwa Mirongo yachuje maji. Natamani ingekuwa rahisi hivyo. Mafunjo yanafanya kazi mbili: yananyonya virutubisho, ambavyo vitarudi yasipovunwa, na mizizi yake inatengeneza tope lisilo na oksijeni ambamo bakteria huvunja naitreti kuwa gesi. Hiyo kazi ya pili ndiyo yenye thamani, lakini inahitaji naitreti, na tumekwisha kuona kwamba Mirongo inaleta amonia. Lazima kwanza pawe na hatua yenye hewa nyingi ya kugeuza amonia, ndipo ifuate hatua isiyo na hewa. Jiwe la tangi la matumbawe lina vyote viwili, nje penye oksijeni na ndani pasipo nayo. Mdomo wa mto ndani ya jiji hauna nafasi hiyo, na siku ya mafuriko, siku ambayo mzigo ni mkubwa kuliko zote, maji yanapita juu ya mafunjo kwa kasi bila kuchujwa.

Kampala wamelipitia hili. Ardhioevu ya Nakivubo ilisafisha majitaka ya jiji kwa miaka mingi kabla hayajaingia Ghuba ya Murchison, ile ile ambayo mitambo ya Ggaba inachotea maji ya kunywa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wachumi walikadiria huduma hiyo ya asili kuwa na thamani ya zaidi ya dola milioni moja kwa mwaka. Mashamba ya magimbi na majengo yaliendelea kuimega, maji ya Murchison yakazidi kuharibika, na hatimaye ikabidi kujenga mtambo mkubwa wa majitaka Bugolobi. Ardhioevu iliyojengwa kwa vipimo, baada ya mabwawa ya majitaka, ni jambo jingine. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kuzifanyia utafiti miaka ya 1990, na Moshi, eneo la Mabogini, ni mfano unaotembelewa. Pale mimea inapokea maji yaliyokwisha kutulizwa, kwa kiasi kinachojulikana.

Ya tatu, mabwawa ya majitaka yenyewe. Yanaua vimelea vizuri na hayali umeme, kwa hiyo yanatufaa. Udhaifu wake ni fosforasi, ambayo sehemu kubwa hupita. Mabwawa yanayomwaga ziwani bila hatua ya ziada yanatibu kipindupindu kuliko yanavyotibu mwani. Maji yake yangefaa zaidi kumwagilia miti au majani ya mifugo.

Njia ya nne ndiyo ninayoona inastahili fedha kwanza: mabomba ya majitaka milimani. Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Mwanza, MWAUWASA, pamoja na wafadhili wa mradi wa maji na usafi wa Ziwa Victoria, wamejenga katika maeneo kama Igogo na Kilimahewa mfumo rahisi wa uondoshaji majitaka. Bomba jembamba linalazwa kina kifupi, linapita katikati ya nyumba na pembeni mwa ngazi, linafuata mteremko bila pampu, na chemba zake ni ndogo. Mlima ambao ni laana kwa shimo la choo ni neema kwa bomba. Nyumba iliyounganishwa haina tena karo la kutapisha. Ni mlango wa kopo la chakula kwa hesabu yetu ya mwanzo: unazuia uchafu kabla haujaingia. Gharama kubwa ya bomba imebebwa na umma. Kinachokwamisha mara nyingi ni choo chenyewe, kwani bila maji ya kutosha kusukuma uchafu bomba linaziba, na mpangaji hana sauti ya kumlazimisha mwenye nyumba ajiunge. Kuongezeka kwa maji kutoka chanzo cha Butimba, kilichojengwa kutoa lita milioni 48 kwa siku, kunaipa hoja hii nguvu na pia kunaifanya iwe ya haraka: maji yakifika kila nyumba, majitaka nayo yanaongezeka kwa kiasi kile kile.

Pale bomba lisipofika kabisa, kuna mfano wa Chumbe, kisiwa kidogo kusini ya mji wa Zanzibar chenye hifadhi ya matumbawe iliyoanzishwa miaka ya 1990. Nyumba zake za wageni zina vyoo vya mboji visivyotumia maji, na maji ya kuogea yanachujwa kwenye vitanda vya mimea. Majitaka hayaingii baharini. Matumbawe yake yanalindwa na uamuzi uliofanywa chooni. Nyumba chache za wageni si Mabatini, hilo nakubali, na choo cha mboji kinahitaji mtu wa kukitunza na shamba la kupokea mboji. Lakini kwa shule na zahanati za pembeni mwa jiji, kwenye udongo na nafasi, kinafaa kuliko shimo.

Nisiwaonee wakazi wa milimani. Fosforasi nyingi inashuka kutoka angani ikiwa vumbi na majivu ya mashamba na misitu inayochomwa. Rashid Tamatamah na wenzake waliipima na kuchapisha mwaka 2005 kuwa sehemu ya hewa ni kubwa kuliko ya mito. Kuzuia moto wa kiangazi mikoani ni kazi ya ziwa pia. Na kuna mgeni mwingine, ufugaji wa vizimba, ambao Serikali imeupa msukumo mkubwa. Januari 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alikabidhi boti na vizimba jijini Mwanza. Ninaunga mkono vizimba kwa ajira na kitoweo. Ila hesabu yake isifichwe. Kukuza tani moja ya sato kunahitaji chakula kama tani moja na nusu. Chakula chenye protini asilimia 30 kina naitrojeni asilimia 4.8, yaani kilo 72. Samaki wenyewe wanabeba kama kilo 25. Kilo 47 zinabaki majini, sawa na za watu karibu 19 kwa mwaka, na haziwezi kupitishwa kwenye bomba lolote. Tani elfu moja za sato ni mji wa watu 19,000 uliojengwa juu ya maji bila choo. Ndiyo maana vizimba viwekwe kwenye kina kirefu chenye mkondo, nje ya vihori vilivyofungwa, chakula kiwe kinachoelea ili mlishaji aone samaki walipokinai, na vihamishwe kila baada ya muda ili sakafu ipumzike.

Sheria ipo. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Kando ya Mirongo kuitekeleza kikamilifu ni kubomoa sehemu ya jiji, na hakuna atakayefanya hivyo. Ninachopendekeza ni kidogo zaidi na kinawezekana: kusiwe na karo, gereji wala sehemu ya kuoshea magari inayomwaga moja kwa moja mtoni, na ukaguzi ufanyike mvua ikinyesha, usiku, si asubuhi ya siku iliyotangazwa.

Kwa hiyo mpangilio wangu ni huu: mabomba ya milimani kwanza na ruzuku ya kuunganisha kaya, magari madogo ya kunyonya vyoo kwa mitaa isiyofikiwa, hatua ya kunasa fosforasi kwenye mabwawa, kikomo cha tani za samaki kwa kila eneo la vizimba, mafunjo na uvunaji wa magugu vifuate baadaye. Ziwa halitaitikia upesi. Fosforasi iliyolala kwenye tope itaendelea kupanda kwa miaka mingi, na ghuba itakuwa ya mwisho kuonyesha nafuu.

Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria ina makao yake Mwanza, TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, ina kituo Mwanza, MWAUWASA ina maabara na mafundi. Ninaziomba taasisi hizi tatu zipime mzigo wa naitrojeni na fosforasi wa Mto Mirongo kila mwezi katika vituo vitatu, juu ya Mabatini, kwenye daraja la mjini na mdomoni, zikiongeza vipimo vya siku za mvua kubwa, na matokeo yabandikwe kwenye ofisi za kata zote ambazo mto unapita.